Herufi "i" iliyonigharimu mwaka mzima

Marehemu baba yangu aliitwa Saidi. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa ameandikwa Said, bila i. Kwenye cheti chake cha kifo ni Saidi, tena katikati pamechomekwa jina la babu ambalo kwangu halimo. Kwenye vyeti vyangu vya kidato cha nne na cha sita ni Saidi. Kijijini kwetu Newala, kusini mwa Tanzania, hakuna aliyewahi kuhoji jambo hilo. Mtu ana majina matatu na yote anaitikia.

Nimemaliza chuo mwaka 2025. Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka, meseji huanza kuingia kutoka nyumbani: "Dada, nimepata One, ufadhili naupataje?" Huwa nawajibu kwa kuwauliza jina la baba limeandikwaje kwenye vyeti. Wengi hudhani nawakwepa.

Nami nilianza na swali hilo hilo la One. Julai 2022 nilipata Division One, yaani daraja la kwanza, ya pointi 6, kombi ya HGE (historia, jiografia na uchumi). Mjomba alichinja jogoo, mwalimu wangu wa jiografia akapiga simu, akasema, "Wewe sasa huna shida, serikali itakusomesha." Siku hizo redio zilikuwa zikitangaza ufadhili mpya wa Samia, ule ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, unaolipa gharama zote za chuo, tena si mkopo. Nikasikia "wanafunzi waliofaulu vizuri zaidi kidato cha sita", na sikio langu likafunga hapo hapo. Maneno yaliyofuata, kwamba ni kwa waliosoma sayansi na wanaokwenda kusomea sayansi, uhandisi, hisabati na tiba, mimi sikuyasikia. Hata ningepata pointi 3 za HGE, ambazo ndizo bora kabisa, nisingekuwemo. Nilikaa karibu mwezi mzima nikisubiri simu. Nilikuwa naenda chooni na simu.

Kama una kombi ya sanaa, soma tangazo mpaka mstari wa mwisho kabla hujamwambia mama yako chochote. Mimi yangu nilishamwambia, na yeye alishawaambia wenzake wa kikoba.

Ilipobainika kwamba hakuna simu, ikabaki Bodi ya Mikopo. Kwa sisi wa vyuo vya umma ambao hatumo kwenye orodha ya vinara wa sayansi, huo ndio mlango mkuu, na mlango huo hauangalii pointi zako sana kama unavyoangalia hali ya kwenu. Na ni mkopo. Watu wengi wanaupokea kama zawadi, wakiajiriwa wanaanza kulia. Ukipata kazi mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara. Zamani kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya deni, ila hiyo ilifutwa mwaka 2021. Nilipomweleza mama, aliuliza, "Tukishindwa watachukua mikorosho?" Nikamwambia hapana, watanikata mimi mshahara. Akafikiri kidogo. "Basi chukua. Deni lako, mikorosho yangu."

Tatizo la mikorosho ni kwamba dirisha la maombi hufunguka wakati ipo kwenye maua. Pesa ya korosho huanza kuonekana Oktoba kwenda mbele. Agosti nyumba nyingi za kwetu hazina kitu, na ndio mwezi unaotakiwa kulipa shilingi 30,000 ya maombi, ulipie uhakiki wa vyeti RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ulipe bodaboda kwenda mjini Newala na kurudi, uchapishe fomu, ugongewe muhuri na wakili, kisha uskani kurasa zilizosainiwa uzipandishe tena kwenye mfumo. Kwangu ilifika zaidi ya 90,000. Mama aliuza mbuzi aliyekuwa amemtengea hitima. Ningejua, ningeanza kuweka akiba nikiwa kidato cha tano, hata mia mbili mia mbili.

Nilijaziwa fomu steshenari. Kijana wa pale alikuwa mwepesi kweli, vidole vinakimbia, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Akatumia barua pepe yake kwa sababu mimi sikuwa nayo. Neno la siri akaliandika kwenye kijidaftari chake. Miezi miwili baadaye nilipotaka kuingia kwenye akaunti yangu mwenyewe, kijidaftari kilikuwa kimelowa mvua na yeye alikuwa amehamia Masasi.

Lakini hayo ni madogo. Mawili makubwa nitayaeleza kama yalivyotokea.

La kwanza ni ile i. Uhakiki wa cheti cha kifo cha baba ulirudi na jibu kwamba taarifa haziwiani na nilizojaza. Zilikuwa zimebaki siku tisa dirisha lifungwe. Kijana akaniambia, "Dada, ukianza kushughulikia hili utachelewa. Tuache tu hapa pa baba, tujaze kawaida." Kawaida maana yake wazazi wote hai. Nikakubali. Baba yangu alifariki mwaka 2015, nilishika beseni la maji wakati wanamwosha miguu, halafu mwaka 2022 nikamfufua kwa sababu ya foleni.

La pili linanitia aibu zaidi. Kijana alifika kwenye swali la mpango wa kunusuru kaya maskini, akauliza kwa sauti ya kusikika barabarani: "Mama yako yuko TASAF?" Nyuma yangu alisimama msichana niliyesoma naye, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi. Mama yangu ni mnufaika tangu nikiwa shule ya msingi. Viatu vyangu vya kwanza vya ngozi vilitoka kwenye pesa ile. Nikajibu, "Hapana."

Kwa hiyo fomu iliyokwenda Dar es Salaam ilimhusu binti mwenye baba hai, mama asiye na msaada wowote wa serikali, na sahihi zote zimekamilika. Orodha zilipoanza kutoka, awamu ya kwanza sikuwemo, ya pili sikuwemo, na kwa fomu ile hata mimi nisingejipa.

Nilikwenda chuo hivyo hivyo. Kikoba cha mama, msikiti na mjomba walichanga, nikapanda basi la alfajiri nikiwa na 620,000 zimeshonewa ndani ya sketi. Ada ilikuwa milioni moja kwa mwaka, inalipika nusu kila muhula. Nikalipa 500,000, nikalipa bima ya afya 50,400, na vikorokoro vya usajili vikamaliza karibu yote. Kitanda cha hosteli sikupata. Dada mmoja wa Mtwara, mwaka wa tatu, alinibeba. Asiyejua kubebwa: ni kulala kwenye kitanda cha mwenye kitanda halali, kitanda cha futi mbili na nusu, mzungu wa nne, miguu yake usoni kwako na yako kwake, mkiomba asipite mkaguzi.

Rufaa za Bodi zilifunguliwa na kufungwa nikiwa sijui kama kuna kitu kinaitwa rufaa. Tangazo lilikuwa limebandikwa ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ghorofa ambayo sikuwahi kupanda. Mpaka leo nasema, wiki ya kwanza chuoni tafuta mbao tatu za matangazo: ya Mshauri wa Wanafunzi, ya kitivo chako, na ya dawati la mikopo. Magrupu ya WhatsApp yatakuletea habari, lakini yatakuletea na matapeli. Muhula huo huo nilimtumia mtu 20,000 akidai ni wakala wa ufadhili wa serikali ya Uturuki, ambao kumbe maombi yake ni bure kabisa. Alinitumia fomu yenye bendera, nikaijaza nikiwa nimelala mzungu wa nne.

Ili kupata ada ya muhula wa pili nilishika kibanda cha wakala wa pesa za simu Ubungo, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku, 4,000 kwa siku. Nilikuwa nakula mara moja, chipsi kavu au wali maharage, nalala saa saba, kipindi cha saa mbili asubuhi naingia nusu. Mwisho wa mwaka GPA, yaani wastani wa alama ambao juu kabisa ni 5, ikasoma 3.2.

Namba hiyo nimeikasirikia kuliko kukosa mkopo. Nilikuwa nikidhani kuna milango miwili, wa uhitaji na wa ufaulu, ukikosa mmoja unakwenda mwingine. Kumbe ukikosa wa uhitaji mwaka wa kwanza, unafanya kazi usiku, na ile kazi inakufungia wa ufaulu. Karibu kila ufadhili wa ufaulu nilioukuta baadaye ulitaka 3.8 au zaidi. Benki Kuu ina mfuko wa kumkumbuka Mwalimu Nyerere ulioanzishwa mwaka 2009, unaowaangalia wanaofanya vizuri hisabati, sayansi, uchumi na fani za jirani. Nilipousikia mara ya kwanza nilikuwa mwaka wa pili, mwanafunzi wa uchumi mwenye 3.2, nikausoma kama mtu anayesoma menyu ya hoteli akiwa na nauli tu mfukoni.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa dawati la mikopo pale chuoni. Nilikwenda kwake Januari 2023 nikiwa nimejiandaa kulia, na nililia. Alinisubiri nimalize, akanipa karatasi ya chooni nifute pua, kisha akasema, "Sasa nionyeshe vyeti." Akavipanga mezani vyote vitano kama karata, akachukua kalamu ya risasi, akazungushia duara jina la baba kila lilipo. Maduara matano, majina matatu. "Binti, shida yako naiona mimi kwa sababu umekaa hapa. Kule wanasoma karatasi. Na karatasi zako zina baba watatu."

Ushauri wake nauandika hapa kama alivyonipa, kwa sababu umewasaidia wengi niliowapa. Vyeti vya Baraza la Mitihani ndivyo vigumu kubadilisha, kwa hiyo vifanye kuwa kigingi, vingine vyote uvivute kuelekea huko. Cheti cha kuzaliwa kirekebishwe kifanane navyo. Jina la ziada kwenye cheti cha kifo uliapie kiapo mbele ya wakili au mahakamani, kwamba huyu na yule ni mtu mmoja. Usisubiri dirisha lifunguliwe. Nenda Machi, wakati ofisi hazina foleni. Na akanikataza kabisa kujaza fomu kwa mkono wa mtu mwingine.

Likizo fupi ya Machi nikarudi Newala. Nauli peke yake kwenda na kurudi ilikuwa zaidi ya 80,000, pesa ya kibandani. Nilikwenda ofisi ya wilaya na cheti cha darasa la saba, kadi ya kliniki ambayo mama alikuwa ameihifadhi ndani ya mfuko wa sukari, na barua ya mtendaji wa kijiji. Nikarudishwa mara mbili, mara moja kwa sababu barua ilikuwa na muhuri lakini haina tarehe. Ile ya pili nimesahau kwa nini. Kila kurudishwa ni 10,000 ya bodaboda. Ukienda kwa mtendaji, usiondoke mlangoni mwake kabla hujasoma: jina, tarehe, sahihi, muhuri.

Jambo la TASAF nilimwambia mama jikoni usiku, akiwa anapepeta mtama. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Wewe uliona aibu? Mimi nilipanga foleni ya pesa ile miaka minane juani, watu wote wananiona." Akaingia ndani akatoka na kitambulisho cha kaya, akanishikisha, akasema ninakili namba vizuri, nisije nikakosea na hiyo.

Dirisha lilipofunguka nikaomba upya kama mwanafunzi anayeendelea asiye na mkopo. Wengi hawajui kwamba inawezekana. Wanadhani ukikosa mwaka wa kwanza umekosa moja kwa moja. Nilijaza mwenyewe kwenye kompyuta ya maktaba, siku tatu, barua pepe yangu, namba yangu ya simu, neno la siri kichwani na nakala kwenye Kurani ya mama. Kila kiambatisho nilikifungua baada ya kukipandisha kuona kama kinasomeka. Kimoja hakikusomeka. Kilikuwa cheti cha kifo, kimeskaniwa kichwa chini, na nusu ya muhuri imekatika.

Novemba 2023 jina likatoka: pesa ya kujikimu 10,000 kwa siku, na sehemu kubwa ya ada. Bumu, ndivyo tunavyoita pesa hiyo ya kujikimu, la kwanza la siku 60 ni laki sita. Nilikaa kwenye ngazi za maktaba nikaitazama ile meseji ya benki, kisha nikanunua chipsi kuku. Nzima, si robo. Nikamtumia mama 50,000, nikamlipa yule dada wa Mtwara deni la sabuni na unga, nikaacha kibanda. Nitawaambia ukweli, bumu la kwanza liliisha siku ya 38. Laki sita ukiwa umetoka kwenye 4,000 kwa siku inaonekana haina mwisho. Bumu la pili nililikata kwa wiki, pesa ya kila wiki naihamishia kwenye laini nyingine Jumapili jioni, iliyobaki siigusi.

Mwaka wa pili nilipata 4.1. Masomo hayakuwa mepesi zaidi, nilikuwa tu nalala na kula. GPA ya jumla ikafika 3.6.

Ile 3.6 haikutosha kwa fadhili nyingi, lakini kulikuwa na taasisi moja binafsi ndogo iliyokuwa ikisaidia wasichana wa mwaka wa tatu, masharti yake 3.5 na uthibitisho wa hali ya nyumbani. Karatasi za uhitaji nilikuwa nazo tayari, safi, zinafanana kama mapacha; kilichobaki ni insha ya maneno 500 na barua ya mwalimu. Nikaandika insha. Nikaanza na kifo cha baba, nikaja kwenye mbuzi, nikaja kwenye mzungu wa nne. Mwalimu wangu wa takwimu niliyemwomba barua aliisoma, akavua miwani. "Hii ni barua ya msiba. Nimekusikitikia sana, lakini bado sijui wewe ni nani. Pale kibandani uliona nini?"

Nilikuwa nimeona mambo. Nilikuwa nimemwona mama muuza mchicha aliyekuwa akija kutoa 9,900 kila jioni, hajawahi kutoa 10,000, kwa sababu alishajua makato yanaruka wapi. Nilikuwa nimeona mafundi ujenzi wanaotoa pesa yote Jumamosi wakailaza chini ya godoro kwa kutoamini simu. Nikaandika hayo, hali ya nyumbani nikaipa aya moja, na mwishoni nikasema ningetaka kufanya utafiti wangu wa mwaka wa tatu kuhusu makato na watu wa kipato cha siku. Baba aliingia kwa sentensi moja tu.

Kwenye usaili waliniuliza kama nina mkopo wa Bodi. Wenzangu nje walikuwa wamenishauri niseme sina, eti watanipa zaidi. Nikasema ninao, nikawatajia kiasi, nikawatolea na karatasi yenye hesabu: ada, kilicholipwa, kinachobaki, gharama za utafiti. Dada mmoja kwenye meza akaniambia waombaji wengi hawajui hata wanadaiwa kiasi gani na chuo. Walinipa 700,000. Ile ya mwisho ya ada nikailipa Novemba 2024, nikatoa risiti nakala mbili, moja ya mama.

Nikijumlisha viapo, nauli, marekebisho, mbuzi na 20,000 za yule tapeli, i ile imekula karibu laki nne, kabla sijahesabu mwaka wa kwanza ule wa 3.2 ambao uko kwenye transkripti yangu na utakuwepo kila nitakapoomba kusoma zaidi.

Mdogo wangu sasa yuko sekondari. Walipokuwa wakisajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, nilimwambia asisaini popote mpaka anipigie picha ile orodha. Akalalamika kwamba mwalimu atamwona msumbufu. Picha ikaja usiku, imechukuliwa kwa taa ya simu, kidole gumba chake kimeziba nusu. Nikamwambia atoe kidole, apige tena. Akapiga tena. Nikaikuza mpaka herufi zikawa kubwa kama kokwa za korosho, nikasoma moja moja: S, a, i, d, i.

"Vipi, dada?" akaandika.

Nikamwambia sasa anitumie cheti cha kuzaliwa, mbele na nyuma.